Injini Iliyotoka Bara

Simu ya Ndirangu ilimkuta Thuku amepiga magoti nyuma ya friji kubwa ya hoteli moja mjini Malindi, bisibisi mkononi, jasho likimtiririka mgongoni. Mhudumu alikuja kumwita. Thuku alikwenda ofisini huku akijifuta mikono kwenye suruali, akaweka simu sikioni, akasikia sauti iliyomlea, sauti isiyojua kuomba.

"Ijumaa napanda basi. Jumamosi niko kwako. Nataka kuliendesha lile gari mwenyewe, nione pwani linakwendaje."

Thuku alisema karibu sana, kaka. Alisema mkewe, Easter, atafurahi. Alisema mengine ambayo hata yeye hakuyasikia, kisha akarudi kwenye friji yake, akaketi sakafuni, asiguse kitu. 

Hofu yake ilikuwa hii. Injini ya gari lile Ndirangu aliitengeneza kwa mikono yake kule Nairobi, akamkabidhi mdogo wake kwa fahari ya mtu anayetoa binti yake mwenyewe. Na injini ile ilikuwa imefunguliwa. Ilifunguliwa na fundi mwingine, ikabadilishwa ndani, ikafungwa tena, na aliyeipeleka ni Thuku.

Kwa asiyemjua Ndirangu, hili ni jambo dogo. Anayemjua angemwonea Thuku huruma. Baba yao alipofariki, Ndirangu aliacha shule akaingia gereji, akala vumbi la vyuma hadi ndugu zake wawili wakasoma. Hakuwapiga, hakuwatukana. Alitaka kitu kimoja tu, kwamba kazi ya mkono wake isitiliwe shaka. Yule ndugu wa katikati, Wachira, siku moja alipeleka pikapu yake kwa fundi wa Nakuru arekebishe kitu ambacho Ndirangu alikuwa amekwisha kukitengeneza. Ndirangu hakugomba. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwenyewe hakujaisha hadi leo. Siku ya kumzika mama yao, zamu ya Wachira ya kutia udongo ilipofika, Ndirangu alimpa koleo huku akitazama kwingine. Thuku alikuwa amesimama kati yao. Aliona lile koleo likipita mbele ya kifua chake, akajiapia kwamba yeye hatakuwa Wachira wa pili.

Sasa Jumamosi ilikuwa inakuja.

Gari lenyewe lilikuwa Datsun SSS ya rangi ya manjano, milango miwili, kabureta mbili, chini kiasi kwamba mtu mnene hutoka kwa kushikwa mkono. Thuku, fundi wa friji anayezunguka mahotelini kutoka Watamu hadi Mambrui, hakuwa na haja nalo hata kidogo. Pikapu ingemfaa zaidi. Lakini kila mtu ana wazimu wake, na wa Thuku ulikuwa huu. Alilipata kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, akamwambia kaka yake, na Ndirangu akasema, "Niachie kwanza."

Akaachiwa. Akaifungua hedi, kifuniko cha juu cha injini, akaipeleka kusagwa mpaka ikapungua unene, ili petroli na hewa vibanwe zaidi kabla ya kuwaka na pistoni isukumwe kwa nguvu zaidi. Akachonga njia za hewa. Akaweka bomba pana la moshi. Akaweka kwenye kabureta sindano za kupima petroli kidogo, kama wafanyavyo mafundi wa Nairobi, mji ulio juu ambako hewa ni nyepesi. Siku walipolijaribu kwenye barabara ya Limuru, gari lilinguruma kwa raha hata Ndirangu akacheka, na Ndirangu hacheki ovyo. Akamwambia mdogo wake, "Tia petroli ya supa, usimpe mtu mwingine alishike." Thuku akaitikia kama mtu aulizwaye mbele ya padri.

Gari likateremka pwani. Kabla ya kufika Mombasa lilikuwa limeanza kulia sauti nyingine, na sauti hiyo ikazidi lilipofika Malindi. Kila Thuku alipokanyaga mafuta kwa nguvu, ndani ya injini kulisikika kitu kikirukaruka, taratata, kama njugu kavu kwenye kikaango cha moto.

Muyeye nzima, mtaa alikoishi Thuku, ikaipenda sauti ile! Vijana wa mtaani walilipa gari jina la Njugu. Thuku akipita walipiga kelele, "Kaanga, bwana, kaanga!" naye, mtu mzima mwenye mke na watoto, alikuwa anakanyaga kweli, wasikie vizuri. Walidhani ndiyo sauti ya mbio. Yeye pia alijitia kudhani hivyo. Tunasema alijitia, maana Thuku hula kwa sikio lake. Kazi yake ni kuweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake juu ya mashine ya friji, asikilize, aseme hii nzima, hii inakufa. Mashine inayogonga ndani inajila yenyewe, na hilo alikuwa anawaambia wenye hoteli kila wiki. Kwa friji za watu alikuwa hodari wa kusema. Kwa gari lake alikuwa mwoga, kwa sababu kusema kwamba injini inagonga ni kusema kwamba Ndirangu alikosea.

Easter ndiye aliyelisema kwanza. Easter alikuwa mwalimu wa chekechea na hakuwa na habari za injini, lakini alikuwa na masikio mawili. Siku moja wakitoka kanisani alimwambia, "Baba Njeri, hilo gari lina maumivu." Thuku akamwambia aache mambo asiyoyajua. Halafu akakaa na lile neno siku zote zile, likamkera kama mchanga kwenye kiatu.

Basi akaanza kutafuta dawa asiyolazimika kuifungua injini. Pampu ya supa ya Malindi siku nyingine ilikuwa ikikauka na kufungwa kamba, imebaki petroli ya kawaida tu, kwa hiyo mwanzoni alilaumu petroli. Alianza kubeba supa kwenye mtungi kutoka Mombasa. Njugu zikaendelea kukaangwa. Jirani yake Kadzo, mama anayeuza nguo za mitumba, alimwambia amesikia watu wakitia vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo ndani ya tangi. Thuku akatia. Njugu hazikupungua, ila gari likanuka kama sanduku la nguo la bibi, na abiria wake wa pekee, yaani mkewe, akashuka kwenda sokoni kwa miguu.

Kisha rubani mmoja wa ndege ndogo, ambaye Thuku alimtengenezea friji, alimpa dumu la petroli ya ndege. Thuku alilitia, akaenda hadi njia ya Gede, akakanyaga mpaka mwisho. Kimya. Injini ilivuta kwa sauti safi, ile ile ya Limuru. Badala ya kufurahi, Thuku alisimamisha gari kando ya barabara akaegemeza kichwa kwenye usukani. Petroli ya ndege inavumilia kubanwa kuliko supa. Kama gari limepona kwa petroli ile, basi ugonjwa ni kubanwa kupita kiasi. Na petroli ya ndege haiuzwi kwenye pampu ya mtu yeyote barabarani. Hapakubaki pa kujificha.

Ndipo alipokwenda kwa Jefwa. Jefwa alikuwa na gereji nyuma ya soko, mtu mwenye domo pana, mwenye kujisifu hata kwa kubadilisha balbu. Aliifungua hedi huku akiimba. Alipoona vichwa vya pistoni aliacha kuimba. Kingo zilikuwa zimeliwa vishimo vishimo, mithili ya mkate uliopitiwa na mchwa.

"Aliyeitengeneza hii yuko wapi?" aliuliza Jefwa.

"Nairobi."

"Basi aliitengenezea Nairobi. Bwana Thuku, kule kwenu hewa ni nyembamba, injini inakula robo tumbo. Huku chini hewa ni nzito, inakula ikavimbiwa. Halafu amekupimia petroli ya kule, kidogo. Hewa nyingi, petroli kidogo, hedi imesagwa. Huu ni moto wa kuyeyusha sufuria! Wewe ungeliendesha hivi mpaka lini?"

Jefwa alikata bamba la shaba, akalichonga kwa umbo la gasketi, kile kizibo cha maungio, akaliweka chini ya hedi ili nafasi juu ya pistoni irudi kuwa kubwa. Akabadilisha sindano za kabureta petroli iongezeke, akarudisha nyuma kidogo wakati wa plagi kuwaka. Kisha akazunguka gari akipiga magurudumu teke. Alisema nguvu ipo tele, ila breki ni za kubembeleza, na shokabsoba za kupokea mishtuko zimekufa. Vikabadilishwa vyote. Gari lililotoka kwa Jefwa lilikuwa limepungukiwa na ukali kidogo sana, lakini lilishika barabara, lilisimama linapoambiwa, na halikugonga tena. Vijana wa Muyeye walinuna. Walisema Njugu amezeeka.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yamefichwa chini ya boneti Jumamosi ile Ndirangu aliposhuka kwenye basi, mrefu, mkavu, amevaa kofia ya sufu katika joto la Malindi.

Easter alikuwa amemsihi mumewe amwambie mapema. "Mwambie kabla hajaketi. Akijua mwenyewe itakuwa mbaya." Thuku alikuwa ameahidi. Lakini Ndirangu alipompa mkono na kumwita kwa jina la utotoni, ahadi ilimkaukia mdomoni. Watoto wa Kadzo walikuja mbio kumwamkia mgeni, "Shikamoo!" na Ndirangu, ambaye kwao hakuna salamu hiyo, alitabasamu akatazama huku na huku akitafuta la kujibu. Thuku alimwambia aseme marahaba. Akasema marahaba, akawapa watoto peremende, akageuka, "Nipe funguo."

Hawakufika mbali. Walipita msikitini, wakakata kuelekea barabara kubwa, na Ndirangu akakanyaga mara moja tu. Akaondoa mguu. Akakanyaga tena, akasikiliza. Thuku alitazama mbele. 

"Nani ameifungua hii injini?"

Alisema polepole. Hakuonekana kukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Thuku.

"Ilikuwa inapata joto, kaka."

"Sikuuliza joto. Nimeuliza nani."

"Kuna fundi hapa. Anaitwa Jefwa."

Ndirangu aligeuza gari akarudi nyumbani. Chakula kilikuwa mezani, wali wa nazi na kuku, Easter amekesha akikitafutia viungo. Ndirangu alikula kidogo kwa adabu, akamshukuru shemeji yake, akanyamaza. Kimya chake kilijaa nyumba nzima. Thuku alikuwa anakijua kimya kile. Alikiona kikitandikwa juu ya Wachira, na sasa alikisikia kikimkaribia yeye.

Jumapili asubuhi, wengine wakienda kanisani, Ndirangu alitandika gunia uani akaitisha spana. Alikuwa amepata gasketi nyembamba ya dukani. Alifungua hedi, akalitoa bamba la shaba, akaliinua kwa vidole viwili, akaliweka kando kama kitu kilichookotwa jaani. Thuku alikuwa anampa spana. Hiyo ndiyo kazi aliyofanya asubuhi yote. Kila alipompa spana alitaka kusema, kaka, tazama vichwa vya pistoni, tazama vile vishimo. Ndirangu aliviona. Alipitisha kidole juu yake, akasema, "Umekuwa ukitia petroli ya kawaida."

"Hapana, kaka."

"Basi petroli ya huku ni mbovu."

Thuku akampa spana nyingine. Aibu ilimwaka usoni, aibu ya mtu mwenye ndevu anayeogopa kufungua mdomo katika uwanja wa nyumba yake mwenyewe.

Jefwa alipita mchana, labda alikuwa amesikia. Alisimama kwenye lango, akaona kazi yake imelala mchangani. Alisema, "Salama, mabwana?" Ndirangu hakuinua kichwa. Jefwa alimtazama Thuku, akangoja neno, neno lolote lile. Thuku alitazama spana. Jefwa akaenda zake bila kuaga, na kwa mtu mwenye domo vile, hilo lilimchoma Thuku kuliko tusi.

"Kesho," Ndirangu alisema akifunga boneti, "tunakwenda Kilifi. Tutakunywa chai pale kwenye feri, turudi. Utasikia gari linavyopaswa kulia."

Walitoka Jumatatu. Thuku aliomba ruhusa kazini, Easter akajikunja kiti cha nyuma. Alisema anataka kuona Kilifi. Kwa kweli hakutaka kuwaacha wawili peke yao. Walijaza tangi, na kwa bahati, au kwa bahati mbaya, supa ilikuwepo, imeshushwa na lori jana yake. Ndirangu alihakikisha mwenyewe, akasimama kwenye pampu hadi mwisho. Petroli haikuwa na kosa tena. Thuku aliona kisingizio cha mwisho kikiingia ndani ya tangi.

Walipopita Muyeye Ndirangu alikanyaga, na vijana waliokuwa wameketi nje ya kinyozi wakaruka juu. "Njugu amerudi! Kaanga!"

"Wanasema nini?" Ndirangu aliuliza.

"Wanalisifu gari."

Mkono wa Easter ulimgusa Thuku begani, ukambana, ukatoka.

Mpaka Gede walikwenda vizuri, maana injini haikuwa imepata joto. Ndirangu alisifu breki bila kujua anamsifu nani. Baada ya njia ya Dabaso, msitu ukiwa upande wa kulia na barabara nyembamba imenyooka mbele, alianza kulikimbiza. Sauti ilianza kwa mbali, taratata, ikakatika. Ikaanza tena. Thuku alimtazama kaka yake kwa pembe ya jicho. Uso wa Ndirangu haukusema kitu, lakini mkono wake wa kulia ulishusha kioo cha dirisha mpaka chini kabisa.

Amesikia, Thuku aliwaza. Mungu wangu, amesikia.

Mbele yao kulikuwa na lori refu lililojaa magunia ya korosho. Ndirangu alipanga gia, akatoka upande wa pili wa barabara, akakanyaga mpaka mwisho. Gari likaruka mbele. Na hapo, kati ya msitu na ubavu wa lori, sauti yote iliyokuwa ikimwagika barabarani iligonga mbao za lori ikawarudia ndani kupitia dirisha la Thuku. Hizo hazikuwa njugu tena. Zilikuwa nyundo. Mshale wa joto ulikuwa umevuka katikati, unapanda. Thuku alihisi mapigo yale kwenye nyayo za miguu, akaona kwa macho ya akili kingo za pistoni zikitafunwa, zikiyeyuka, na kaka yake amekaza taya, mguu umelala chini, kama mtu aliyeamua kwamba afadhali injini ife kuliko yeye kukiri kwamba anaisikia.

Walilipita lori. Ndirangu hakuondoa mguu.

Angeweza kunyamaza. Tuseme kweli, mtu mwingine angenyamaza, na Thuku mwenyewe alikuwa amenyamaza tangu alipopata akili. Aliliona koleo la mazishi likipita tena mbele ya kifua chake. Alijiona akienda nyumbani kwao bara bila kuamkiwa, watoto wake wakiuliza baba mkubwa amekasirika nini. Kisha alisikia injini ikigonga, na hilo ndilo ambalo sikio lake halikuweza kulivumilia tena.

"Ondoa mguu," alisema.

Ndirangu hakugeuka.

"Ndirangu!" Hakuwahi kumwita hivyo, jina tupu, maisha yake yote. "Ondoa mguu! Unaiua!"

Mguu ukatoka. Gari likapungua mwendo, likapungua, likateleza hadi kwenye majani ya kando ya barabara karibu na Matsangoni, likasimama. Lori la korosho likawapita likipiga honi. Ndirangu alizima injini, lakini ilikuwa na moto kiasi kwamba ilijitikisa mara kadhaa kabla ya kunyamaza.  Easter nyuma alikuwa ameziba mdomo kwa leso.

Ndirangu alishuka. Alifungua boneti, akachukua spana ya plagi, akafungua plagi ya kwanza kwa kitambaa, akaigeuza juani. Juu ya kaure nyeupe ya plagi palikuwa na punje ndogo ndogo zinazong'aa kama fedha. Thuku alizijua ni nini. Hata Easter, aliyekuwa ameshuka akasimama nyuma yao, alijua si kitu kinachopaswa kuwa pale. Ilikuwa ni pistoni yenyewe, imeyeyuka ikarukia juu.

Ndirangu aliitazama plagi ile. Kofia ya sufu aliivua, akaishika mkononi.

"Umeanza kuisikia lini?"

"Tangu siku nilipoiteremsha."

"Na hukuniambia."

"Wewe ndiye uliyenilea, kaka. Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo," Ndirangu alisema. "Ungeniambia kwa mdomo."

Thuku alingoja kimya kile kishuke juu yake. Alikuwa tayari. Alijua ameshatamka yasiyorudishwa, na kwa mara ya kwanza hakutamani kuyarudisha. Lakini Ndirangu hakuwa akimtazama yeye kwa hasira. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka kitu.

"Kuna askari jela mmoja, anaitwa Gerishom," alisema. "Nilimtengenezea gari hivi hivi. Akahamishwa Mombasa. Mwaka jana nilikutana naye Nairobi, nikamuuliza gari vipi. Akaniambia, linakwenda vizuri, fundi, asante sana." Aliigeuza plagi. "Alikuwa amekuja kwa basi, Thuku. Nilimsindikiza mpaka kituoni mimi mwenyewe. Sikumuuliza kwa nini amekuja kwa basi."

Thuku alimpokea kofia.

"Na yule mwalimu aliyekwenda Voi. Na yule Mhindi wa Diani, alinikumbatia siku ile, akasema hajapata kuona injini kama hii."  Ndirangu aliketi chini kwenye majani, katika suruali yake nzuri ya safari, plagi mkononi, na akaonekana mzee ghafla hata Easter akapiga hatua kumwendea. "Niliwahesabu wote kuwa wateja wangu wazuri. Hawakurudi hata mmoja. Miaka yote hii nilikuwa nikidhani hawarudi kwa sababu gari halijaharibika."